Zamu ya Ukungu

Kila Jumamosi alasiri, duka la magodoro la chini likishafungwa, Hemali alipanda ngazi na themosi ya chai ya tangawizi na kuifungua upya saiba yake, chumba cha kukodisha intaneti, kwa ajili ya watu watatu tu. Alifungua dirisha la upande wa barabara, akapangusa kibodi kwa kitambaa chenye spiriti, kisha akasogeza viti karibu karibu ili wasikilizane bila kupiga kelele. Mwaka huo wa 2007 intaneti ya Nakuru ilikuja kwa dishi, na ilikuja ikipenda. Ulibonyeza kitufe cha upanga, ukamimina chai, ukapuliza, ukanywa funda moja, ndipo upanga ukashuka. Wenye haraka walikwenda kucheza karata.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa ngome na majitu. Watu wa dunia nzima waliucheza kwa makundi, wakivamia ngome pamoja. Kila kundi lilitaka mtu wa kusimama mbele na kupigwa, watu wa kupiga, na mganga wa kumponya anayepigwa. Hiyo ndiyo siri yake yote, wala hata mtoto wa darasa la pili haimshindi. Kundi la Hemali halikuielewa, au liliielewa likakataa, na ukiangalia jinsi walivyochapwa huoni tofauti.

Aliyesimama mbele alikuwa mzee Ogola, dereva wa treni aliyestaafu. Alichagua kazi hiyo kwa sababu maisha yake yote alikaa mbele, lakini hakusogea mpaka ahakikishe njia iko wazi, na katika ngome ya majitu njia huwa haiko wazi. Mpiga mishale alikuwa Kiprugut, mtunza ghala la mahindi kutoka Rongai, mtu aliyetoa mshale kama anayetoa mahindi ya mbegu: kwanza auangalie, kisha aurudishe. Mganga alikuwa Rahab, mwalimu wa chekechea, mtu wa Molo aliyekodi chumba Nakuru. Mganga wa pili alikuwa Hemali mwenyewe, mjane wa mtaa wa matajiri wa Milimani, mwenye saiba. Waganga wawili kwa watu wanne ni kama harusi yenye wapishi wawili na hakuna nyama. Isitoshe, Hemali alijiponya mwenyewe kwanza, pili, na mara nyingi tatu.

"Niponye, yawa!" Ogola aliita.

"Nakuponya, mzee, ngoja network," Rahab alisema.

"Mimi nangoja. Huyu mwenye rungu ndiye hangoji."

"Madam Hemali, si umsaidie mzee hata mara moja?"

"Na mimi nikifa, nani atafunga saiba?" Hemali alijibu, macho kwenye skrini, na mwanga wa kijani wa dawa ukamzunguka yeye peke yake.

Wageni wa nchi za mbali walijiunga nao wakati mwingine, wakatazama kidogo, wakajitoa bila kuaga. Hawa wanne hawakuona ubaya. Walipendana, na hilo lazima lisemwe mapema, maana yaliyofuata hayakufanywa na watu waliochukiana.

Shida ilikuwa mali. Jitu likianguka hudondosha kitu, na makundi mengine humpa anayeweza kukitumia. Wao walikosana siku moja kwa ajili ya joho, wakanuniana mpaka chai ikapoa, na Rahab, aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kanisani kwao, akawaamua. Wafanye kama chama cha mzunguko, alisema. Anayefikiwa na zamu anachukua, kiwe kitu gani kiwe.

"Kwetu hata mwenye shida analala usingizi," aliwaambia, "kwa sababu anajua zamu yake inakuja na hakuna mtu ataikalia."

Wakakubali wote. Basi zamu ya Rahab ikaleta ngao ya chuma, naye mganga hata kuinyanyua hawezi. Zamu ya Ogola ikaleta filimbi ya kulaza nyoka. Kiprugut akapata jiwe la uganga, na Hemali akapata podo la mishale. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, lakini msafara huu ulikuwa wa kenge watupu, tena kila mmoja amevaa ngozi ya mwenzake.

Kitu ulichokipata katika mchezo kilikufikia nyumbani, cha kushikika kabisa. Mama yake Rahab alitoka kulisha kuku huko Molo akaikuta ngao imeegemea tangi la maji, akalalamika kwamba imezibia kuku njia, kisha akaiona inafaa kufunika shimo la waru, viazi vyake vya mbegu. Jiwe la Kiprugut lilitua kwenye zizi lake Rongai, na ng'ombe aliyekuwa akichechemea akaacha. Podo la Hemali lilikaa Milimani mlangoni pamoja na miavuli. Filimbi ya Ogola ilionekana dirishani pale nyumba za reli, alipozaliwa na alipolelea watoto wake. Vitu vilikwenda kwenu hasa, si mahali unapolipia kodi ya nyumba. Havikuuliza kitambulisho wala jina la ukoo.

Kuazimana kuliruhusiwa, kama katika chama chochote cha watu wenye utu. Kabla ya vita Rahab alimwazima Ogola ngao, na wakati huohuo huko Molo shimo la waru likabaki wazi. Vita vikiisha Ogola aliirudisha, na shimo likafunikwa. Mama yake Rahab alizoea. Jumamosi alasiri alitandika gunia juu ya waru zake akasubiri ngao irudi, kama anavyosubiri mtu aliyeazima karai.

Ndivyo walivyoishi mpaka Desemba. Desemba ikaja na uchaguzi.

Huko milimani juu ya Molo watu walikuwa wameanza kuhama kabla hata ya kura kupigwa. Wengine walikuta karatasi mlangoni zikiwaambia warudi kwao, nao walikuwa wamesimama kwao wakizisoma. Rahab alimsihi mama yake ateremke Nakuru wakae chumba kimoja. Mama akasema waru hazijachimbwa, na mtu haachi waru ardhini kwa sababu ya maneno ya karatasi. Mwezi mwingine ukungu mzito wa Molo ungemsitiri, maana huko kuna asubuhi humwoni hata ng'ombe unayemkamua. Desemba ukungu huwa haba.

Na jitu walilokuwa wakipigana nalo tangu Agosti, jitu refu kama ghala la nafaka na lisiloonekana ila nyayo, lilikuwa limebeba ukungu. Wachezaji wote waliujua. Aliye na ukungu huo, adui humpita karibu asimwone, wala haoni nyumba yake.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi Rahab hakugusa chai.

"Madam Hemali," alisema, "leo nakuomba zamu yako."

"Ya nini?"

"Ukungu. Kwetu mambo ni mabaya. Mum amekataa kutoka, na mimi siwezi kumbeba kwa nguvu. Huo ukungu ukikaa pale kwa nyumba mpaka hii kura iishe, mimi sitaki kitu kingine. Zamu zangu zote za mwaka ujao chukua."

Hemali aliweka kikombe chini. Nyumba yake ya Milimani ilikuwa na ukuta wa mawe, geti la chuma, mlinzi wa mchana na mlinzi wa usiku. Lakini mwaka wa 1982 alikuwa bibi harusi Nairobi, na siku ile ya jaribio la mapinduzi alijificha stoo nyuma ya magunia ya mchele pamoja na Champa, mama mkwe wake aliyekuwa bado akiishi naye, huku watu wakibeba duka lao lote. Sauti nyingine alizitambua. Zilikuwa za wateja. Tangu hapo kila uchaguzi ulimkuta amefunga mkoba, pasipoti ndani, na usingizi hana. Hofu haipimi ukuta una urefu gani.

"Ticha, wewe mwenyewe ndio ulisema," Hemali alijibu polepole. "Zamu ni zamu. Leo tukivunja, kesho kila mtu atakuja na shida yake."

"Mama, si umpe tu," Ogola alisema. "Mtoto wa watu anaomba."

Kiprugut alikuwa akihesabu mishale yake. Alikuwa amesikia maneno fulani kuhusu Molo ghalani kwake wiki hiyo, na aliendelea kuhesabu.

"Kwani mimi nimekataa?" Hemali alisema. "Mimi nachukua, halafu namwazima. Si kama ngao? Ukungu ukae Molo Krismasi yote, mwaka mpya pia. Sawa, Ticha?"

"Sawa," Rahab alisema. "Haki, Mungu akubariki."

Alisema kwa moyo wote. Katika chama chochote ahadi hiyo inatosha: mwenye zamu anachukua, kisha anamshika mkono mwenye shida, na heshima ya kila mmoja inabaki mahali pake. Rahab akanywa chai yake, ingawa ilikuwa imepoa.

Siku hiyo intaneti ilikwenda vizuri bila sababu yoyote. Ogola aliingia mbele na ngao ya kuazima, akazifuata nyayo za jitu, akasimama. Akapigwa. Kiprugut alitoa mishale kwa mkono mwepesi ambao hakuna aliyejua anao. Rahab aliponya mpaka nguvu zikamwishia, na Ogola akapiga goti moja, na wote wakajua ni yale yale ya kila Jumamosi. Ndipo mwanga wa kijani ukamzunguka Ogola kutoka upande wa pili. Hemali alikuwa amemponya. Alimponya tena, na tena, huku yeye mwenyewe damu ikimwisha. Rahab aliona, machozi yakamlengalenga, maana alidhani ni kwa ajili yake.

Jitu likaanguka kwa kishindo kilichotingisha vikombe. Pale lilipoanguka pakabaki kibuyu, na ndani ya kibuyu ukungu.

Hemali alibonyeza kibuyu. Skrini ikaleta maandishi ya Kiingereza, sentensi chache tu: atakayechukua kitu hiki atakaa nacho daima, hakigawiwi, hakiuzwi, hakiazimwi, je, unakubali? Watu huwa hawasomi vitu hivyo. Hubonyeza ndiyo waendelee na safari yao, na kama Hemali angefanya hivyo hadithi hii ingekuwa ya bahati mbaya. Lakini Hemali alikuwa na tabia ya kusoma kwa kidole, tangu aanze kusimamia hesabu za marehemu mumewe. Kiprugut, aliyekaa naye kiwiko kwa kiwiko, alikiona kidole kikitembea juu ya kioo, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka neno la mwisho, na kikasimama hapo. Tusidanganyane, alisoma. Kisha akabonyeza ndiyo.

"Umeingia?" Rahab aliuliza.

"Umeingia."

"Hongera," walisema wote. Kiprugut alisema pia.

Ukungu ulifika Milimani kabla Hemali hajafika. Ulikaa kuanzia ua wa michongoma hadi juu ya tangi, mweupe na mzito, huku bustani za majirani zikiwaka jua. Ukiwa ndani hukuuona kabisa. Uliona nyasi, waridi na ndege. Ulikuwa unawajua Hemali na Champa tu. Mwuza maziwa aliacha maziwa geti la jirani. Msoma mita alipita. Mlinzi wa mchana alilinda ua wa daktari wa nyumba ya tatu karibu wiki nzima, mpaka daktari akatoka kumuuliza anataka nini. Champa alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu 1982, akakoroma, na Hemali akakaa ukingoni mwa kitanda akimsikiliza.

Rahab, aliyekuwa amekwenda Molo kwa likizo, alipiga simu kesho yake. Kuku walikuwa wakionekana kutoka barabarani.

"Ticha, inakataa," Hemali alisema.

"Inakataa aje?"

"Inakataa tu. Labda ni network."

"Basi jaribu kesho, tafadhali."

"Nitajaribu."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alijaribu. Alikwenda saiba peke yake akabonyeza neno la kuazima mpaka kidole kikauma, na neno likabaki na rangi ya majivu. Alijaribu kwa mikono pia. Aliukusanya ukungu kwa shuka, akaufunga fundo, akaubeba mpaka stendi ili ampe dereva wa Molo, na alipolifungua fundo amwonyeshe, shuka ilikuwa kavu. Rahab alipiga tena siku ya Krismasi. Akapiga siku ya kura. Baada ya hapo Hemali aliiangalia simu ikilia, akaifunika kwa mto, na mto nao ukawa unalia.

Siku watu walipokuja kuwafukuza, Molo kulipambazuka kweupe. Kutoka barabarani uliona ua wa misonobari, moshi wa jikoni, nguo kwenye kamba, na mama yake Rahab akichimba waru zake mstari baada ya mstari. Wengine kati ya waliokuja alikuwa amewauzia waru kwa mkopo. Hakuna haja ya kusimulia moto; moto ni moto. Rahab na mama yake walitoka kwa nyuma wakadandia lori lililokuwa likibeba watu badala ya magunia, na mama yake alikuwa bado ameshika jembe. Ngao haikuungua. Waru za mbegu zilizokuwa chini yake zilipona zote, ila hapakuwa na mtu wa kurudi kuzipanda.

Waliteremshwa Nakuru, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, wakapewa hema. Mwisho wa Januari moto ukafika Nakuru yenyewe, na safari hii ukamgeukia Ogola. Kwa sababu ya jina lake la ukoo aliambiwa arudi kwao. Akawaonyesha filimbi iliyokuwa dirishani, akawaeleza kwamba vitu hivi hukufuata kwenu, nao wakamwambia mzee asiwapotezee wakati. Akapanda lori lililosindikizwa na askari kuelekea magharibi, mahali alipokuwa akienda kwa matanga tu. Filimbi alikwenda nayo mfukoni, lakini walipofika mto wa kwanza haikuwamo. Ilikuwa imerudi dirishani.

Februari saiba ikafunguliwa. Kiprugut ndiye aliyefika kwanza, na gunia dogo la mahindi begani. Rahab alikuwa amesimama mlangoni, maana alikuwa hana kwingine pa kwenda Jumamosi.

"Hii ni yako na mathe," Kiprugut alisema. Hakulitua gunia. "Ticha, kuna kitu. Ile siku ya jitu, ilikuwa imeandikwa. Kwamba ukichukua, hauwezi azima mtu. Na yeye alisoma. Alisoma yote, mimi nilikuwa hapo."

"Na wewe ukasema nini?"

"Haikuwa zamu yangu."

Rahab alimtazama. Alishikwa na hasira mpaka masikio yakaziba, akatamani kumsukuma ateremke ngazi pamoja na mahindi yake. Kumbe mtu unaweza kukaa naye kiti kwa kiti mwaka mzima, mkanywa themosi moja, na siku ya shida akahesabu mishale! Alitaka kumwambia hivyo. Lakini hasira haijazi sufuria, na mama yake alikuwa hemani akikohoa. Akapokea gunia.

Hemali alipanda ngazi na themosi, akawakuta wamesimama hivyo, akajua.

"Madam," Rahab alisema, "ulisoma?"

"Nilisoma."

"Na ukaniambia ni network."

"Nikakuambia ni network." Hemali aliweka themosi sakafuni. "Mimi niliogopa, Ticha. Sina maneno mengine. Niliogopa, nikabonyeza, na nikajua nimekukosea kabla hata sijatoa mkono kwa mouse. Mama yako anaendelea aje?"

"Analala chini. Kifua kimembana."

"Mlete kwangu. Wewe pia. Kuna chumba kule nyuma, kina kitanda, kina stima, kina maji ya moto. Kaeni mpaka mrudi kwenu. Leo, Ticha. Hata saa hii. Mimi naenda mbele, Champa apike."

Rahab alitaka kukataa. Alikuwa na maneno mazuri sana ya kukatalia, mengine ya Biblia. Lakini usiku uliotangulia mvua isiyo ya msimu ilikuwa imeingia hemani kwa chini, na mama alikuwa ameketi mpaka asubuhi juu ya sufuria iliyopinduliwa. Kiburi ni cha mtu mwenye paa. Akaenda kumchukua.

Walipanda Milimani miguu mitupu ya vumbi, mama amejifunika leso na blanketi la msaada. Jua lilikuwa kali, jakaranda zimetulia, na bustani za watu zinanyweshwa kwa mipira. Kisha mbele yao barabara ikaishia kwenye ukungu. Rahab alisimama. Mama yake hakusimama. Alikuwa ameishi ndani ya ukungu miaka yake yote. Akamshika binti mkono wakaingia, wakatembea mbele, wakatokea barabarani palepale walipoanzia.

"Ticha! Ni wewe?" sauti ya Hemali iliita kutoka ndani, karibu kabisa. "Geti iko wazi! Kuja tu, kuja moja kwa moja!"

Wakaingia tena. Wakatokea tena. Hemali akatoka mwenyewe, akamsalimia mama kwa mikono miwili, akainama kidogo kama inavyostahili, akamshika mkono wa kulia na Rahab mkono wa kushoto, wakaingia watatu. Hatua chache tu na Hemali alikuwa uani kwake ameshika hewa, na wao wawili wako nje wakitazama ukungu. Alitoka tena akawafunga kwa mtandio wake, kiuno kwa kiuno. Mtandio ukaingia naye, mafundo yake yote yakiwa bado yamekazwa. Alijaribu kuwapitisha kwa nyuma, penye tangi. Alijaribu kuwasukuma. Mwisho alibaki ndani, wakasikia pumzi zake.

Harufu ya dengu na chapati za moto ilikuwa ikitoka bila shida. Champa alikuwa amepika, tena alikuwa amekaanga vitunguu kwa samli.

Mama yake Rahab alinyoosha mkono ndani ya ukungu, akautoa, akautazama. Ulikuwa mkavu. Akajipapasa leso, nayo kavu.

"Mimi nimezaliwa kwa ukungu," alisema. "Ule wa Mungu unafunika kila mtu, na ukitoka umelowa. Huu umefundishwa."

"Tujaribu upande ule wa juu, maitu," Rahab alisema.

"Hapana. Tuende. Usimhangaishe huyo mama."

"Ticha!" Hemali aliita. Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Mama! Msiende! Chakula iko tayari, iko kwa meza! Mama, karibu, karibu chakula!"

Rahab aliona mama yake akijipanga: akalivuta blanketi vizuri mabegani, akafunga leso upya, akasimama wima kama mgeni anayeagwa mlangoni.

"Asante sana, mama," aliujibu ukungu. "Sisi tumeshiba."

Wakateremka kuelekea uwanjani, wakitembea upesi kuliko walivyopanda, maana foleni ya uji hufungwa mapema, na siku hiyo walikuwa hawajatia kitu mdomoni.